Uzi Juu ya Ganda: Amana na Milki katika Mbegu ya Waridi la Jangwa

Je, ni halali kukifunga kilichoumbwa kiondoke? Swali hili limeulizwa mara nyingi juu ya ndege na tundu lake, juu ya mtoto aliyekwisha kubaleghe, na juu ya neno lililokwisha kufika ulimini. Mimi nataka kuliuliza juu ya kitu kidogo kuliko hivyo vyote: ganda la mbegu la mmea uitwao waridi la jangwa, ambao siku hizi huonekana katika vyungu vya maua kwenye vibaraza na madari ya miji yetu ya pwani. Nimekichagua kitu kidogo kwa makusudi. Swali kubwa likiulizwa juu ya jambo kubwa, kila mtu huja na jawabu lake mfukoni. Likiulizwa juu ya jambo dogo, hatuna budi kwanza kulitazama hilo jambo.

Tendo lenyewe ni hili. Mwenye waridi la jangwa nyumbani, akibahatika kuona ganda likikua, hulifunga uzi kabla halijapasuka. Asipolifunga, ataamka asubuhi moja akute ganda limekauka, limefunuka ubavu mmoja, na ndani hamna kitu: mbegu zote zimekwenda na upepo. Uzi huo ndio ninaotaka tuupime. Ni nani aliyempa mfungaji haki ya kufunga? Na akisha kufunga, mbegu zile ni za nani?

Kabla ya kujibu, tuujue mmea. Jina lake la mjini linatupoteza, kwani si waridi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na oleanda, na kama ndugu yake huyo, utomvu wake ni sumu inayoshika moyo. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi hutia utomvu huo kwenye mishale yao ya kuwindia. Kwao hasa ni nchi kavu za mawe na vichaka, kuanzia Sahel ya Afrika Magharibi, kupitia Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania bara, hata kuvuka bahari mpaka Yemen na Dhofar ya Oman. Shina lake huvimba chini kama kiriba kilichojaa maji, na kweli ndani yake mna maji: ndiyo akiba yake ya kiangazi. Maua yake ni mekundu au ya waridi, na aghalabu hutoka wakati majani ni machache. Hapa kwetu mvua za masika ni adui yake, kwa sababu tumbo hilo likikaa na maji mengi huoza. Kwa hiyo huishi chunguni, katika changarawe na mchanga mnene, chini ya upenu, kwa hisani ya mtu anayejua lini amwagie na lini auache.

Hata namna ulivyoingia vitabuni mmea huu ina somo kwa swali letu. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma msafara wa wataalamu kwenda Uarabuni. Miongoni mwao alikuwamo Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, kijana mwenye pupa ya kujua kila jani. Aliuona mmea huu huko Yemen na kuuandika. Hakurudi. Alifia Yemen kwa homa mwaka 1763, naye ana umri wa miaka 31. Wenziwe nao walikufa mmoja mmoja, wengine nchi kavu na wengine safarini, hata akabaki mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nchi na kuchora ramani, wala hakuwa mtu wa mimea. Niebuhr alifika kwao mwaka 1767, na mwaka 1775 akazitoa kuwa kitabu karatasi za Forsskål kuhusu mimea ya Misri na Uarabuni. Humo ndimo waridi la jangwa lilimopewa jina lake la kwanza la kitaalamu. Jina la Adenium, ambalo wengi hulinasibisha na Aden, lilikuja baadaye, mwaka 1819.

Naomba msomaji amkumbuke Niebuhr, maana nitamrudia. Yeye alishika mkononi mbegu ambazo hakuzipanda, za mtu asiyekuwapo tena kuzidai.

Sasa tuje kwenye ganda. Maua ya mmea huu hayashiki mimba kwa urahisi. Chavua imefichwa ndani ya koo la ua, imefunikwa kama iliyofungiwa chumbani, na aghalabu ua halikubali chavua ya mmea wake lenyewe. Linataka ya mmea mwingine. Mdudu mwenye kujua njia akikosekana, maua huanguka bila ya matunda mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana wenye ari huchukua brashi nyembamba au unywele mgumu, wakaifanya wenyewe kazi ya mdudu, wakitoa huku na kutia huku. Likishika, ua hukauka na mahali pake hutokeza pembe mbili zilizoshikana chini, mfano wa pembe za mbuzi mchanga. Hizo ndizo ganda, na hurefuka na kunenepa kwa muda wa miezi. Rangi huanza kuchujuka, kijani huwa hudhurungi, na mstari ukaonekana ubavuni kama mshono wa nguo. Mstari huo ndio mlango. Siku ya siku, mlango hufunguka.

Ndani mna mbegu makumi kadhaa, zimepangwa kwa unadhifu wa ajabu. Kila mbegu ni kijiti chembamba kisichofika urefu wa ukucha, na ncha zake zote mbili zina kishungi cha nyuzi laini zinazong'ara, mfano wa sufi. Tumezoea mbegu yenye shungi moja, ambayo upepo huinua ikaelea. Hii ina mashungi mawili, huku na huku, na kijiti kikawa katikati kama mti wa magurudumu ya mkokoteni. Upepo huinyanyua, na ukiitupa chini haikwami, hubiringika juu ya mchanga mpaka ipate ufa wa jiwe wa kujihifadhi. Anayeshika mbegu hii kiganjani hahitaji kuambiwa imeumbiwa nini. Imeumbiwa safari, kuanzia ncha hata ncha.

Basi na aje yule atakayesema: kama imeumbiwa safari, uzi wako ni dhulma. Huyu ana hoja, wala si wa kupuuzwa. Mmea umefanya kazi ya miezi kutayarisha abiria na chombo chake, na wewe umesimama bandarini na kamba.

Lakini tuulize: safari ya kwenda wapi? Upepo na mbegu vina mapatano, ila mapatano hayo yalifanyika nyikani, mahali penye mawe na mianya na udongo mkavu. Hayakufanyika juu ya dari la nyumba ya Mji Mkongwe. Upepo wa kusi ukiichukua mbegu pale utaibwaga juu ya mabati, ndani ya mfereji wa maji machafu, au baharini. Sisi ndio tulioutoa mmea katika nchi yake tukauweka penye sakafu na chokaa, na kwa tendo hilo tulivunja mapatano yasiyokuwa yetu. Aliyemtoa mtoto kwao hawezi kumwambia, "Haya, nenda zako, njia unaijua." Deni alilokuwa nalo upepo limehamia kwetu. Kwa mtazamo huu, uzi ni namna ya kulilipa deni hilo.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Tendo lile lile likifanywa mahali pengine hugeuka hukumu. Mtu akienda nyikani, mahali mmea ulipoota wenyewe kati ya mawe, akafunga nyuzi maganda yote na kurudi kuyavuna, huyo ameingia kati ya wawili waliopatana na kumnyang'anya mmoja wao. Na mwenye kuling'oa shina zima kwa tumbo lake la kupendeza ili akaliuze mjini amezidi, maana amechukua mama na watoto wasiozaliwa. Uzi ni ule ule, mkono ni ule ule. Kinachoupa uhalali ni deni, na huko nyikani sisi hatukuwa na deni isipokuwa la kuuacha.

Tuseme basi tumekubaliana kwamba nyumbani kufunga ni halali. Linafuata swali la pili, nalo ndilo zito. Aliyefunga, amemiliki? Wengi wetu tutajibu ndiyo bila ya kufikiri. Mmea ni wangu, chungu ni changu, brashi ni yangu, uzi ni wangu, basi mbegu ni zangu. Ni hesabu inayokwenda sawa mpaka mwisho wake, lakini mbegu yenyewe haiikubali. Watu wa pwani tuna maneno mawili ambayo hatupaswi kuyachanganya: milki na amana. Kilicho milki yangu naweza kukitumia, kukiuza, kukitupa, au kukifungia sandukuni, na nikikifungia hakuna aliyekosewa. Kilicho amana kipo mkononi mwangu kwa ajili ya mwingine. Nitakilinda kama changu, na siku yake ikifika nitakitoa. Nikikificha hata siku ile ikapita, nimekhini.

Mbegu ya waridi la jangwa ina siku yake, na siku hiyo haimngoji mwenye mali. Ikipandwa mbichi, siku chache baada ya kutoka gandani, katika mchanga wenye joto uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi, huota ndani ya wiki moja. Ikiwekwa miezi, nguvu hupungua. Ikiwekwa muda mrefu zaidi, utaipanda ukamwagia maji na kungoja, na utakachokiona ni ukungu mweupe. Kwa sura haikubadilika: kijiti ni kile kile, shungi ni zile zile. Mwenye kuiweka katika kikopo chake bado anajihesabu kuwa tajiri. Lakini alichonacho ni maiti nadhifu. Hapo ndipo mbegu inapotofautiana na dhahabu, na ndipo inapokataa kuwa milki. Dhahabu haijali umeifungia muda gani.

Kwa hiyo uzi haupimwi siku ya kufungwa. Hupimwa siku ya kufunguliwa. Wote wawili, mlinzi na mchoyo, hufunga kwa fundo moja, na aliyesimama pembeni hawezi kuwatofautisha. Hata wenyewe pengine hawawezi kujitofautisha, maana kila mchoyo hujiona mlinzi. Kinachowafarikisha ni kalenda. Wa kwanza, alipokuwa akifunga, alikwisha kujua atafungua lini na mbegu zitakwenda wapi. Wa pili alijua kufunga tu.

Naamini msomaji wa kurasa hizi amekwisha kuona ninakoelekea. Mashairi yetu mengi yalikuwa mbegu za shungi mbili. Yalisemwa ngomani, barazani na jahazini, yakachukuliwa na midomo, na mengi yaliangukia baharini. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliacha tungo zake vichwani mwa watu. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya tungo hizo kwa subira ya miaka na kuzifafanua, akishirikiana na mmishenari William Taylor, leo tungekuwa tunalijua jina na kisa viwili vitatu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyefunga uzi. Lakini yeye alifariki mwaka 1890, na ni mwaka 1940 ndipo diwani ilipochapishwa na William Hichens, huko Johannesburg: karne moja baada ya mtunzi kufa, nusu karne baada ya mkusanyaji, na mbali na Mombasa. Ganda lilifunguliwa, alhamdulillahi, na mbegu zilikuwa bado hai. Ushairi una bahati hiyo, huweza kulala muda mrefu kuliko mbegu ya mmea. Lakini hauwezi kulala milele, kwani maneno huchakaa, na shairi ambalo hakuna aliye hai anayelijua neno lake la kati limekwisha kufa nusu.

Ninasema haya kwa sababu yako makasha. Kila mwenyeji wa mwambao huu anajua nyumba moja au mbili zenye kasha la babu, na ndani yake karatasi za utenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye kasha hakubali karatasi zipigwe picha, wala zisomwe, wala zinakiliwe. Ukimwuliza sababu, atakwambia anazilinda. Na mara nyingi ni kweli: wako waliokuja kuazima wakaondoka na karatasi moja kwa moja, na mwenye nyumba ana haki ya kuogopa. Simlaumu kwa kufunga. Upepo wa zama zile ulikuwa mkali, na asingefunga yeye pengine tusingekuwa na cha kuzungumza. Lakini mchwa hawaogopi urithi, na unyevu wa visiwani haujui heshima ya ukoo. Kwake na kwangu na kwa kila aliyerithi kitu cha namna hii, swali ni lile lile la ganda: utafungua lini, na kwa nani? Asiye na jawabu la swali hilo halindi utenzi. Anaungojea ufe mikononi mwake, kwa adabu.

Hapa namrudia Niebuhr. Angeweza kuzifungia zile karatasi za mwenziwe. Hazikuwa za fani yake, mwenyewe alikuwa kaburini, na kazi yake Niebuhr mwenyewe ilikuwa inamngoja. Angeweza pia kuweka jina lake juu yake. Alizitoa kwa jina la marehemu. Huo ndio uzi uliofunguliwa.

Limebaki jambo la tatu, nalo huwatia watu uchungu zaidi. Mbegu ikipandwa haitoi ua la mama yake. Kwa kuwa chavua hutoka mmea mwingine, kila mche huja na sura yake. Wakulima wa Thailand na Taiwan, ambao wamefika mbali kabisa katika kuzalisha aina mpya za mmea huu, wamepata maua ya tabaka nyingi, maua meusi kwa wekundu, maua ya manjano. Na mnunuzi wa mbegu za ua fulani la sifa mara nyingi hungoja mwaka au miwili, kisha akaona ua jepesi jekundu lisilofanana na lile la picha. Hudhani amedanganywa. Pengine amedanganywa kweli, lakini pengine mbegu imefanya tu ilivyo desturi yake.

Anayetaka ua lile lile hana budi kubebesha: hukata kikonyo cha mmea mashuhuri akakiunga juu ya mche mwingine. Hapo atapata nakala isiyokosea. Ila tutazame mche uliobebeshwa umetoka wapi. Tawi lililochomekwa ardhini bila ya mbegu aghalabu halipati lile tumbo zuri. Kwa hiyo hao wenye kubebesha huutafuta mche wa mbegu, wenye tumbo lake la asili, wakaukata kichwa kabla ulimwengu haujaliona ua lake. Kila nakala imesimama juu ya shina la mtoto ambaye hakuulizwa angechanua nini. Sisemi kwamba ni dhambi kukata mche. Nasema ni vema kujua, tunapolisifu ua la aina moja katika vyungu mia, kwamba chini yake yamo maua mia ambayo hatukuyataka.

Wahenga wetu walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Walisema kweli; lakini hawakusema kwamba mwana ni kisogo hicho. Mzazi anayelea ili apate nakala yake, na mwalimu wa ushairi anayetaka kila mwanafunzi atunge kwa bahari yake na vina vyake na kwa mzaha wake ule ule, wote wawili hubebesha. Watapata walichokitaka, na hawatajua walichokikata. Kuilinda mbegu ni kukubali tangu mwanzo kwamba unalinda usichokijua. Hii ndiyo sehemu ngumu ya amana hii: mwenye kuidai siku ya mwisho si yule aliyekukabidhi, bali ni mgeni, na uso wake hujauona.

Kwa hiyo jawabu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ni halali kufunga, kwa masharti manne, nayo ni mepesi kuyasema. La kwanza, pawe na deni: yaani mbegu isingekuwa na pa kwenda, kwa sababu sisi ndio tulioihamisha. La pili, ganda liachwe lipasuke lenyewe ndani ya uzi. Anayelikata likali kijani kwa pupa atakuta mbegu zisizokomaa, na uzi uliofungwa vizuri hauzuii ganda kufunguka, huzuia tu mbegu kupotea. Kipande cha chandarua kilichofungwa kama kifuko hufaa kuliko hata uzi, kwani hukipa kitu nafasi ya kuwa kilivyo. La tatu, kisha kupasuka, zisilale. Zipandwe juma hilo hilo, na zilizozidi zigawiwe. Nyumba moja haina haja ya miche sitini, na mmea usiokubali chavua yake wenyewe unahitaji mwenziwe kwa jirani. Ukimnyima jirani mbegu leo, kesho maua yako mwenyewe yataanguka bila ya ganda. La nne, anayepewa aambiwe yote: kwamba ua halitafanana na la mama, na kwamba utomvu ni sumu, anawe mikono na auweke mbali na watoto na mbuzi. Kutoa kitu na kuficha madhara yake ni nusu ya khiyana.

Mwenye chungu na ganda lililoanza kubadilika rangi ana siku chache za kufanya hayo. Mwenye kasha ana muda mrefu kidogo, lakini hajui ni mrefu kiasi gani.